Mzungu wa nne: kumwelewesha mwanafunzi umbo la DNA

Mwambie mwanafunzi wa kidato cha nne achore DNA, atakuchorea bila kusita. Ngazi iliyosokotwa, vidato vyake vimeandikwa A na T, G na C, yaani herufi za kwanza za kemikali nne zinazoitwa besi, na pembeni mshale unaoonyesha "sukari na fosfati". Mchoro safi, unastahili alama zote. Kisha muulize swali dogo tu: kwa nini A haikai na G? Hapo penseli husimama. Jibu ninalolisikia mara nyingi ni "ndivyo ilivyo, mwalimu", nalo huniuma, maana najua lilikotoka. Limetoka ubaoni. Limetoka kwetu tunaochora ngazi nzima katika dakika ya kwanza ya kipindi na kuwaambia watoto wanakili.

Nilifundisha hivyo miaka kadhaa kabla ya kugeuza mpangilio. Siku hizi ngazi ndiyo kitu cha mwisho kuingia ubaoni. Tunaanza na vipande, tunavipima, tunajaribu kuvipanga, na wanafunzi wenyewe wanagundua kwamba mipango mingine karibu yote inakataa. Umbo la DNA lina sababu kila mahali: upana wake, jozi zake, mwelekeo wa nyuzi zake, hata ule msokoto. Mwanafunzi akizishika sababu, mchoro ataukumbuka bila kuukariri.

Kazi kwanza

Swali la kufungulia kipindi ni hili: kitu kinachobeba urithi wa kiumbe kinatakiwa kiweze nini? Darasa lolote litakupa majibu mazuri. Kibebe maelezo mengi. Kinakilike, kwa sababu seli moja huzaa mbili na zote mbili zinahitaji maelezo yale yale. Kidumu. Yaandike majibu hayo pembeni mwa ubao na usiyafute.

Hakosi kutokea mmoja wa kutilia shaka lile la kwanza: herufi nne tu zitatoshaje kumwandika mtu mzima? Shaka hiyo wameishi nayo hata magwiji. Friedrich Miescher alikwisha kuipata DNA kwenye seli za usaha mwaka 1869, lakini kwa miongo mingi wanasayansi wengi waliamini kwamba urithi unabebwa na protini, kwa kuwa protini hujengwa kwa aina 20 za vipande na DNA kwa aina 4 tu. Ilikuwa 1944 ndipo Oswald Avery, Colin MacLeod na Maclyn McCarty walipoonyesha, kwa kutumia bakteria, kwamba DNA ndiyo inayohamisha sifa ya kurithiwa. Mwache mwanafunzi mwenye shaka apige hesabu mwenyewe: nafasi moja ina chaguo 4, nafasi mbili zina 16, nafasi kumi zina zaidi ya milioni moja. Na seti moja ya kromosomu za binadamu ina nafasi zipatazo bilioni 3.

Kipande kimoja, kwa karibu

Kipande kimoja cha DNA kinaitwa nyukleotidi, nacho kina sehemu tatu: sukari, fosfati na besi. Vitabu vingi huzichora kama pembetano, duara na mstatili, kisha hao wanasonga mbele. Naomba tusiharakishe hapa, kwa sababu ugumu wote utakaofuata umejificha ndani ya ile pembetano.

Sukari hiyo ni deoksiribosi. Ina kaboni tano zenye namba 1′ hadi 5′. Kistari kinawekwa ili namba za sukari zisichanganywe na namba za besi. Kaboni nne pamoja na oksijeni moja zinafanya pete, na kaboni ya tano imechomoza nje ya pete kama mkono ulionyooshwa. Ichore kubwa, ijaze ubao. Kaboni ya 1′ inashika besi. Kaboni ya 5′, ule mkono, inashika fosfati. Kaboni ya 3′ ina haidroksili (oksijeni iliyoshika haidrojeni), na hapo ndipo fosfati ya nyukleotidi nyingine itakapokuja kujishika. Kaboni ya 2′ imekosa oksijeni ambayo sukari ya RNA, ndugu wa DNA, inayo. Hiyo ndiyo maana ya "deoksi", na ni sababu mojawapo ya DNA kudumu kuliko RNA. Jibu la tatu lililoandikwa pembeni mwa ubao limeanza kupata maelezo.

Sasa kila mwanafunzi apewe nyukleotidi yake ya kadibodi, waziunge: fosfati ya huyu kwenye 3′ ya yule, na kuendelea. Wakifikisha sita au saba, wasimamishe uwaulize: ncha mbili za uzi wenu zinafanana? Watatazama. Ncha moja ina fosfati iliyobaki wazi kwenye kaboni ya 5′. Nyingine ina haidroksili iliyobaki wazi kwenye kaboni ya 3′. Uzi una kichwa na una miguu. Aliyeliona hilo kwa vidole vyake hababaishwi tena na zile 5′ na 3′ ambazo wengine huziona kama mapambo ya mtihani.

Nyuzi ni mbili. Je, fosfati zikae katikati na besi zitazame nje, au kinyume chake? Waache wabishane, maana hata wakubwa waliteleza hapa. Mwishoni mwa 1951, wanasayansi James Watson na Francis Crick walijenga mfano wao wa kwanza kule Cambridge, wenye nyuzi tatu na fosfati ndani. Rosalind Franklin, mkemia aliyekuwa akiipiga DNA picha za eksirei katika chuo cha King's College London, aliutazama na kuukataa: fosfati zinapenda maji, basi mahali pake ni nje, majini. Mwanzoni mwa 1953 Linus Pauling, mmoja wa wakemia wakubwa wa karne ile, naye alitoa mfano wa nyuzi tatu wenye fosfati ndani. Waulize wanafunzi wako fosfati zina chaji gani ndani ya seli. Hasi. Na chaji hasi zikirundikwa pamoja katikati zitafanyaje? Zitasukumana. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kuiona kasoro hiyo kwa kemia aliyokwisha kujifunza, na ni vizuri ajue kwamba anaweza.

Mkasi, kadibodi na nanomita 2

Zimebaki besi. Adenini na guanini zina pete mbili zilizoshikana. Hizo ni purini. Sitosini na thimini zina pete moja. Hizo ni pirimidini. Vipimo vya eksirei vinaonyesha kwamba DNA ina upana ule ule toka mwanzo hadi mwisho, kiasi cha nanomita 2 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Chora mistari miwili sambamba kwenye karatasi, iwe ndiyo ukingo wa sukari kila upande, kisha waambie wapange besi za kadibodi katikati.

A na G? Pete nne, mistari inasukumwa nje. C na T? Pete mbili, besi hazigusani. Inayoingia ni kubwa moja na ndogo moja tu, pete tatu kila safari. Dakika tano zinatosha, na wanafunzi watakuwa wamelijibu lile swali lililowashinda mwanzoni.

Masomo mengi huishia hapo, nami naona ni mapema mno. Kubwa na ndogo, sawa. Mbona basi A haikai na C? Pete ni tatu vilevile. Mwanafunzi makini atauliza, na asipouliza, muulize wewe. Jibu liko kwenye kingo za besi. Bondi ya haidrojeni inatokea pale haidrojeni iliyoshikwa na naitrojeni au oksijeni ya upande mmoja inapokabiliana na naitrojeni au oksijeni ya upande wa pili iliyo tayari kuipokea. Mmoja anatoa, mwingine anapokea. Kwa hiyo chukueni kalamu, muandike kwenye ukingo wa kila kadibodi, toka juu kushuka chini. Adenini: toa, pokea. Thimini: pokea, toa. Guanini: pokea, toa, toa. Sitosini: toa, pokea, pokea.

Sasa iweke A mbele ya T. Toa inakutana na pokea, pokea inakutana na toa: bondi mbili. G mbele ya C: bondi tatu. Halafu iweke A mbele ya C. Toa kwa toa, pokea kwa pokea. Hakuna kinachoshika. G mbele ya T nayo ni hivyo hivyo. Sijaona njia nyingine inayomfanya mwanafunzi aache kusema "ndivyo ilivyo" haraka kama hii.

Wala huu si mchezo tuliowatungia watoto. Februari 1953 Watson alikuwa mezani na vipande vya kadibodi kama hivi, na havikukubali. Alikuwa amenakili maumbo ya besi kutoka vitabu vya wakati ule, na vitabu hivyo vilikuwa vimeweka haidrojeni fulani mahali pasipo pake. Mkemia Jerry Donohue, aliyekuwa naye ofisi moja, ndiye aliyemwambia kwamba maumbo yale si sahihi. Haidrojeni ikihama, "toa" inageuka "pokea" na hesabu yote inavurugika. Watson alipokata kadibodi upya kwa maumbo sahihi, aliona kwamba jozi ya A na T ina umbo sawa na jozi ya G na C, kiasi kwamba yoyote kati yake inaweza kukaa mahali popote kwenye ngazi bila kuupinda uti wake.

Hapo na vipimo vya mkemia Erwin Chargaff vikapata maana. Miaka michache kabla, alikuwa amepima DNA ya viumbe mbalimbali na kukuta kwamba kiasi cha A kinakaribia kulingana na cha T, na cha G na cha C, ingawa uwiano wa A kwa G hutofautiana kati ya kiumbe na kiumbe. Ndiyo yale maswali ya mtihani: A ikiwa asilimia 30, T nayo ni 30, zinabaki 40, G na C wanagawana 20 kwa 20. Waonye tu kwamba hesabu hiyo ni ya nyuzi mbili. Wapo virusi wenye DNA ya uzi mmoja, na kwao A hailazimiki kulingana na T.

Kulala mzungu wa nne

Kiswahili kina msemo ambao ungekuwa umetungwa kwa ajili ya somo hili. Watu wawili wakilala kitanda kimoja, mmoja kichwa huku na mwenziwe kichwa kule, miguu ya huyu ikawa kwenye kichwa cha yule, tunasema wamelala mzungu wa nne. Nyuzi mbili za DNA zimelala hivyo hivyo. Pale uzi mmoja unapoanza na ncha ya 5′, mwenzake ana ncha ya 3′. Nimewahi kuwaeleza wanafunzi jambo hili kwa maneno marefu ya "sambamba kinyume" na wakaniangalia tu. Msemo huu ulipoingia, wengine walianza kutabasamu kabla sijamaliza sentensi.

Ila kujua jina hakutoshi, lazima wauone umuhimu wake. Chukua penseli mbili zenye vifutio. Zilaze mezani sambamba, ncha zote zikielekea upande mmoja, kisha zungusha jozi nzima nusu duara. Ncha sasa zimeelekea upande wa pili. Ukitoka chumbani na kurudi utajua kwamba mtu amezigusa. Sasa zilaze mzungu wa nne, ncha ya hii kwenye kifutio cha ile, uzungushe tena nusu duara. Hakuna kilichobadilika. Jozi inaonekana vilevile. Ulinganifu wa aina hiyo ndio uliokuwa umejificha ndani ya vipimo vya Franklin vya fuwele za DNA, na Crick alipoviona alitambua mara moja kwamba nyuzi zinaelekea pande zinazopingana. Mtoto mwenye penseli mbili anafika penye hoja ile ile.

Kosa la kawaida kabisa kwenye madaftari linazaliwa hapa. Mpe mwanafunzi uzi wa 5′-ATGCCTAG-3′ umwambie aandike mwenzake. Wengi wataandika TACGGATC na kutulia. Herufi ni sahihi, lakini ncha ziko wapi? Alichokiandika kinaanzia 3′ na kuishia 5′. Kwa kuwa desturi ni kusoma uzi kuanzia 5′, mwenzake anasomeka CTAGGCAT. Usikubali jibu lolote lisilo na namba za ncha, hata kama mtihani wa mwaka huu hauzidai.

Na seli yenyewe inazidai. Kimeng'enya kinachounda DNA mpya, polimerasi, kinaweza kuongeza nyukleotidi kwenye ncha ya 3′ tu. Nyuzi zinapofunguliwa, upande mmoja polimerasi inakwenda moja kwa moja ikifuata mpasuko. Upande wa pili uzi umelala kinyume, hivyo kazi inafanyika kwa vipande vifupi vinavyoungwa baadaye. Vinaitwa vipande vya Okazaki, kwa heshima ya Reiji na Tsuneko Okazaki, mume na mke, wanasayansi wa Japani walioviona miaka ya 1960. Mada ya kunakili DNA huonekana ngumu kwa wanafunzi, na mara nyingi chanzo ni kwamba mzungu wa nne ulipitwa juu juu wiki moja kabla.

Msokoto nao una sababu

Ngazi iliyonyooka ina tatizo. Kati ya fosfati moja na inayofuata kwenye uzi kuna nafasi ya zaidi kidogo ya nanomita 0.6. Besi zenyewe ni bapa na nyembamba, unene wake karibu nanomita 0.34. Ngazi ikinyooka, kila kidato kingebaki na uwazi juu yake, na maji yangeingia humo. Lakini nyuso za besi haziyapendi maji. Zinataka kulaliana kama sahani zilizopangwa kabatini. Tafuta ngazi ya kamba, au ifunge mwenyewe kwa uzi na vijiti, uishike ncha zote mbili na uisokote. Itafupika, na vijiti vitasogeleana. DNA imefanya hivyo hivyo: imejisokota mpaka besi zikagusana, uwazi ukafungwa. Kulaliana huko kwa besi ni nguzo kubwa ya uimara wa msokoto pacha, ingawa bondi za haidrojeni ndizo zinazotajwa zaidi vitabuni.

Mzunguko mmoja una jozi kama 10 na urefu wa nanomita 3.4 hivi. Unakwenda kulia, kama skrubu ya kawaida: ukiusimamisha wima, nyuzi zilizo upande wako zinapanda kutoka kushoto chini kwenda kulia juu. Michoro mingi ya matangazo na hata ya majalada imegeuza upande. Wape wanafunzi kazi ya kuiwinda; wataipenda, na hawatasahau upande ulio sahihi.

Picha namba 51, picha ya eksirei ya DNA iliyopigwa Mei 1952 na Raymond Gosling, mwanafunzi wa Franklin, inastahili kuoneshwa darasani hata kama ni kwa dakika chache. Ile alama ya X katikati ndiyo saini ya msokoto. Watson alioneshwa picha hiyo na Maurice Wilkins, mwenzake Franklin pale King's College, Januari 1953 bila Franklin kujua. Tarehe 25 Aprili mwaka huo jarida la Nature lilichapisha makala tatu kwa pamoja: ya Watson na Crick, ya Wilkins na wenzake, na ya Franklin na Gosling. Franklin alifariki 1958 akiwa na miaka 37. Tuzo ya Nobel ya 1962 ilikwenda kwa wanaume watatu, Watson, Crick na Wilkins, na Nobel haitolewi kwa marehemu. Wanafunzi, hasa wasichana, watakuuliza kama ile ilikuwa haki. Usiwakatishe, ni swali la sayansi pia, linahusu nani anatumia vipimo vya nani na kwa ruhusa ya nani.

Kipimo cha kuona kwa macho

Nanomita haimwambii mtoto kitu. Ikuze DNA mara milioni moja. Uzi wenye upana wa nanomita 2 unakuwa na upana wa milimita 2, sawa na kamba nyembamba. Kiini cha seli kinakuwa na upana wa kama mita 6, yaani chumba cha darasa. DNA yote ya seli moja ya binadamu, ambayo urefu wake ni karibu mita 2, inakuwa kilomita 2,000 za kamba zilizokatwa vipande 46, ndizo kromosomu. Zote zinakaa ndani ya chumba hicho, na bado zinasomwa na kunakiliwa. Hapo ndipo unapoweza kutaja histoni, protini ambazo DNA inajiviringisha juu yake kama uzi kwenye kibiringo, na mwanafunzi akaelewa kwa nini zinahitajika.

Kipindi cha mwisho nawagawa darasa nusu kwa nusu. Tunauchukua mfano mrefu wa kadibodi waliojenga wote, tunaufungua katikati pale penye bondi za haidrojeni, na kila kundi linaondoka na uzi mmoja kwenda kona yake pamoja na lundo la nyukleotidi. Hawaruhusiwi kuchungulia. Kazi ni kumjenga mwenzake aliyeondoka, na ncha ziandikwe. Kuna ubishi wa chini chini, kuna anayesahau mzungu wa nne na kurekebishwa na wenziwe. Kisha mifano miwili inalazwa mezani, mmoja kando ya mwingine, na mtu anaisoma jozi kwa jozi kwa sauti. Ni ile ile. Kila mmoja una uzi wa zamani na uzi mpya, kama Matthew Meselson na Franklin Stahl walivyothibitisha kwa bakteria mwaka 1958.

Pale pembeni mwa ubao bado pameandikwa "kinakilike". Mmoja wao huenda kulitia alama ya vema, na kwa kuwa ana chaki mkononi tayari, ndiye ninayemwomba atuchoree ngazi.